Sura ya Babu mlinzi

Korogwe, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, masika yametushika vizuri na mahindi yamesimama. Juzi kwenye simu uliniuliza hiyo klabu yangu ya filamu inafundisha nini hasa, nikakujibu juu juu kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Leo nina nafasi.

Wanafunzi ni kumi na wanne, wote kidato cha tatu. Simu hawaruhusiwi kuwa nazo shuleni, kwa hiyo tunatumia yangu, ile yenye ufa kwenye kioo. Tunaifunga kwenye kigoda kwa mpira wa baiskeli ili picha isicheze. Kuhariri nako ni humo humo.

Mwezi uliopita niliwasimulia habari za Lev Kuleshov, Mrusi aliyechukua uso mmoja wa mwigizaji, zaidi ya miaka 100 iliyopita, akauunganisha mara na bakuli la supu, mara na mtoto ndani ya jeneza, mara na mwanamke. Watazamaji wakaona njaa, huzuni na mapenzi, na uso ni ule ule. Sikutaka waniamini kwa maneno tu. Tukaenda getini, tukamwomba Babu mlinzi tumrekodi sekunde kumi. Akakubali. Alikuwa anatazama barabarani akisubiri lori la kuni za jikoni, kofia yake ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Baadaye wakarekodi sahani ya makande inayofuka moshi, mtoto wa mpishi akilia, na kaburi la zamani kando ya njia. Msichana mmoja akakaa na simu, akakata na kuunga: uso, makande, uso. Uso, mtoto, uso. Uso, kaburi, uso.

Tuliwaonyesha wenzao wa mkondo wa pili bila kuwaeleza kitu. Ya kwanza, wakasema babu wa watu ana njaa. Ya pili, anamwonea mtoto huruma. Ya tatu ilipoisha darasa lilinyamaza, kisha mmoja akasema taratibu, "Amefiwa na mkewe." Mkewe! Mke hakutajwa mahali popote. Yule msichana aliyehariri alinigeukia, macho yamemtoka, akaniambia, "Mwalimu, mimi ndiye niliyemfisha."

Tangu siku ile hawatazami tena kitu kama zamani. Wiki iliyofuata ilizunguka klipu kwenye magrupu ya WhatsApp, eti daraja limekatika huku kwetu. Watu wazima tulikuwa tumeshaanza kupigiana simu. Nikawaonyesha. Haikupita dakika, kijana wa nyuma akasema, "Mwalimu, hizo pikipiki zinapita kulia." Kweli, zote zilikuwa kulia, na hapa nchini tunapita kushoto. Niliwahi kuhangaika na semina nzima ya habari za uongo, wala haikunipa hata nusu ya nilichokipata kwa kumwachia mtoto simu akate mwenyewe.

Nimewaambia pia habari za Vugiri, hapo juu milimani kwetu. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walitengeneza filamu kule za kuwafundisha Waafrika, fedha nyingi zikitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Walizipeleka kwa lori hadi Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), maneno yakichezwa kwenye santuri. Moja ilihusu akiba: mfanyakazi mmoja anaweka fedha zake posta, mwenzake anazifukia ardhini, anaibiwa. Waliocheza walikuwa watu wetu. Wanafunzi wakauliza kama waliwahi kuulizwa wao wangependa kuonyesha nini. Swali hilo wamelitunga wenyewe, shoga, na nililiandika ubaoni likakaa wiki nzima.

Likaturudia sisi. Ijumaa Babu alinisimamisha getini. "Mwalimu, sura yangu mmeipeleka wapi?" Nikawaita watoto wamwonyeshe. Alitazama zote tatu, simu ameishika kwa mikono miwili. Ya kaburi akaitazama mara mbili. Akasema, "Mke wangu yuko Mombo, mzima. Watu wa Mombo wakiiona hii?" Yule msichana alimwomba radhi huku amepiga magoti, akaifuta mbele yake. Niliona haya mimi niliyewatuma, maana tulimwomba ruhusa ya kumrekodi, hatukumwomba ya kumkata.

Ndipo kijana mmoja akamuuliza, "Babu, wewe ungependa tuonyeshe nini?" Akafikiri. Akasema alikata mkonge miaka mingi kabla ya kuwa mlinzi, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake. Tumeanza kumrekodi jana. Anaeleza vizuri ajabu, lakini upepo wa pale getini unameza sauti yake. Ukija likizo ya Juni, niletee maiki ndogo ya kubana kwenye kola, fedha nitakutumia.

Wasalimie watoto na shemeji.

Ni mimi shoga yako