Risala ya Wanakikundi wa Mtaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuweka Bikoni (Alama za Mipaka ya Viwanja) za Kwanza, Manispaa ya Mtwara-Mikindani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na Mtendaji, viongozi wetu wa dini, wazee, wanakikundi na wageni waalikwa: Assalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja kukanyaga mchanga wa huku kwetu Mitengo. Karibu sana.

Kikundi chetu kilianza kama kikundi cha kuweka na kukopa. Wengi wetu ni akina mama wauza samaki na mama lishe. Wamo pia wakulima wa korosho, mafundi na vijana wa bodaboda. Mikopo yetu mingi ilikuwa ikiishia kwenye kiwanja na matofali, na huko ndiko tulikoanza kuona tatizo. Mtu anauziwa kipande cha shamba la mikorosho, ishirini kwa ishirini, kinapimwa kwa hatua za miguu, wanaandikiana mbele ya mashahidi, kesho yake msingi unachimbwa. Muuzaji haachi barabara, kwa kuwa ardhi ya barabara hailipwi. Mnunuzi naye haulizi, maana jirani yake bado ni mkorosho na kila upande unapitika. Baada ya miaka michache mikorosho imekuwa nyumba, na njia iliyobaki ni ya mtu na baiskeli yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, msimu wa mvua uliopita mwenzetu mmoja alishikwa na uchungu usiku. Gari lilikuja, likaishia barabara kubwa. Ilibidi wanaume wambebe kwenye kitanda cha kamba wakipita nyuani mwa watu, mmoja ametangulia na tochi akiinua kamba za kuanikia nguo ili wengine wapite. Alijifungua salama, alhamdulillahi. Lakini Serikali imetujengea Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini hapa hapa Mitengo, na inauma kuona mgonjwa wa jirani anashindwa kuifikia kwa sababu sisi wenyewe tumeziba njia. Gari la kunyonya vyoo nalo haliingii. Choo kikijaa tunachimba kingine, na ua ukiisha tunasogelea kisima cha jirani.

Na watu wanazidi kuja. Sensa ya 2012 ilihesabu katika Manispaa yetu watu 108,000 na ushei. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 146,000. Hawa wote wanahitaji pa kulala, maji, darasa la mtoto, na mwisho wa siku pa kuzikwa.

Mji huu umewahi kupangwa kabla ya watu kufika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakoloni walipoleta mradi wa karanga, walichora mji wa Mtwara kwa ajili ya bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ulikufa mwaka 1951, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sisi hatuusifu mradi ule. Ila barabara pana zilizoachiwa nafasi wakati ule bado tunazitumia, na mitaro na taa zilipokuja kuwekwa, hapakuwa na haja ya kubomoa nusu ya mji.

Miaka ile ya joto la gesi asilia, watu walipotarajia neema ya gesi hapa Mtwara, bei ya viwanja ilipaa. Watu wenye uwezo walinunua, wengine hata hawaishi huku, na viwanja vyao vilivyopimwa vimebaki vichaka mpaka leo. Mwananchi wa kawaida anavivuka vichaka hivyo akaenda kujenga mbele zaidi, kusikopimwa. Bomba la maji na nguzo za umeme nazo zinalazimika kupita kwenye vichaka hivyo kumfuata, na gharama inaongezeka bure.

Ndiyo maana tulikaa vikao na wenye mashamba ambayo hayajakatwa vipande, wakubali yapimwe viwanja na kuachiwa barabara kabla ya kuuzwa. Haikuwa rahisi, palikuwa na maneno, na wapo waliotoka kikaoni kwa hasira. Aliyetufungulia njia ni bibi mmoja mjane, ambaye barabara iliyochorwa kwenye ramani ya upimaji inapita kwenye mstari wa mikorosho aliyoipanda na marehemu mumewe. Alisema ikatwe, ila msimu uishe kwanza aokote korosho zake. Baada ya yeye kukubali, wanaume wenye mashamba makubwa waliona haya kukataa. Leo wapima wa Manispaa wako hapa, na tutakuomba ushiriki kuweka bikoni ya kwanza kwenye kona ya shamba lake.

Mheshimiwa, tunayo maombi tunayokuomba utufikishie kwa Mkurugenzi wa Manispaa. Ramani itenge sasa hivi eneo la shule ya msingi, la soko na la makaburi, na wenye maeneo hayo walipwe fidia kabla hawajashawishika kuyauza. Makaburi tunayasisitiza, kwani tunazika kwenye mashamba ya familia, halafu shamba linauzwa na kaburi la mzazi linabaki uani kwa mtu mwingine. Wenye viwanja vilivyotelekezwa wabanwe kwa masharti ya hati zao: waviendeleze au vitwaliwe kwa mujibu wa sheria. Na eneo la chanzo cha maji cha Mtawanya lilindwe mapema, kabla ujenzi haujalifikia.

La mwisho ni michango ya upimaji. Kulipa tunataka. Ila mwezi wa nne wengi wetu hatuna kitu mfukoni. Fedha huingia korosho zinapouzwa kwenye minada, kuanzia mwezi wa kumi. Tunaomba ankara zitoke msimu huo, na anayelipa kidogo kidogo apewe stakabadhi kila anapolipa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wanakikundi wenzangu, naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi