Ushuru na maabara bila karakana havitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa safu ya maoni aliyesema kwamba taifa likitaka kubaki mbele katika viwanda vya teknolojia ya juu, lipandishe ushuru wa forodha na liongeze fedha za utafiti, basi. Mimi nimekereza vyuma kwa miaka 31. Utafiti nauunga mkono kwa moyo wote, na ushuru nao una mahali pake. Lakini kati ya maabara na soko kuna karakana, na katika makala ile yote sikuiona hata kwa neno moja.

Seli ya sola ya silikoni ilizaliwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, mwaka 1954. Leo zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa kutengeneza paneli za sola, katika kila hatua, uko China. Elimu ya kitabuni ilibaki Marekani kama ilivyokuwa. Kilichojengeka kwingine ni tanuri, mashine za kukata silikoni nyembamba kama karatasi, na mafundi waliojifunza mwaka hadi mwaka namna ya kupunguza vipande vinavyoharibika. Chipu za kompyuta ni hadithi hiyohiyo. Mwaka 1990 Marekani ilikuwa na asilimia 37 ya uwezo wa dunia wa kuzitengeneza. Kufikia 2020 ilikuwa imeshuka hadi 12 hivi. Mwaka 2022 ikabidi ipitishe sheria ya kutenga dola zaidi ya bilioni 50, kati yake bilioni 39 zikiwa motisha za viwanda, ili irudishe kilichoachwa kiende.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu niliyaona kwa macho yangu. Kiwanda nilichoanzia kazi kilitengeneza vali na gia za pampu. Wakubwa wakaamua tubaki na ofisi ya michoro tu, vipuri viagizwe nje kwa bei nafuu. Mashine zetu zikauzwa kwa kilo, kama vyuma chakavu. Miaka michache baadaye wahandisi, tena vijana hodari, wakawa wanachora kipuri chenye kona ya ndani ambayo hakuna kisu cha kukatia kinachoweza kuifikia. Zamani mmoja wetu angepanda ngazi na kipande mkononi akamwambia, "Mhandisi, hapa hapakatiki, tuongeze milimita mbili." Sasa hapakuwa na mtu wa kupanda ngazi. Haikuchukua muda na ofisi ya michoro nayo ikafungwa.

Taiwan ililielewa jambo hili mapema. Mwaka 1976 taasisi yake ya utafiti wa viwanda, ITRI, iliingia mkataba wa teknolojia ya chipu na kampuni ya RCA ya Marekani, na haikuishia kununua michoro: ilipeleka wahandisi wake wakakae viwandani kujifunza kazi yenyewe. Wakarudi, kikajengwa kiwanda cha majaribio. TSMC, kampuni ya kutengeneza chipu iliyoanzishwa na Morris Chang, ilikuja mwaka 1987, serikali ikiwa imeweka karibu nusu ya mtaji na kampuni ya Philips ya Uholanzi zaidi ya robo. Hesabu mwenyewe, Mhariri: miaka 11 kutoka safari ile hadi kampuni. Sera ya viwanda inayogeuzwa kila baada ya uchaguzi haifiki huko.

Na ushuru? Unategemea umewekwa wapi. Mashine ya kampuni ya ASML ya Uholanzi inayochapa chipu za kisasa kabisa hupiga kwa leza matone 50,000 ya bati kila sekunde ili kupata mwanga wake. Leza hiyo hutoka Trumpf na vioo hutoka Zeiss, kampuni zote mbili za Ujerumani. Hata ASML, isiyo na mpinzani katika mashine hizo, haitegemei jasho lake peke yake. Nchi ikitoza ushuru chuma maalumu, ncha za kukatia za kabaidi, yaani madini magumu kuliko chuma, na vipimo vya usahihi ambavyo haivitengenezi, wa kwanza kuumia ni mwenye kiwanda wake yenyewe, maana atauza ghali kuliko mshindani aliyevipata bila ushuru. Kama lazima kulinda bidhaa, ilindwe kwa muda unaojulikana, na mtihani wake uwe soko la nje. Korea Kusini ilifanya hivyo ilipokuwa inajenga viwanda: mikopo nafuu ilikwenda kwa aliyeuza nje.

Msamaha wa kodi nao uwe na masharti. Kampuni inayoupokea ichukue wanagenzi na kuwafundisha kwenye mashine halisi, kwa miaka, si semina za siku tatu. Sikio la kujua kwamba kisu kimeanza kuchoka kabla hakijaharibu kipande nilifundishwa na mzee mmoja aliyesimama nyuma yangu miezi minane. Wazee wa aina hiyo tunazidi kupungua, na wengi wetu tungekuja kufundisha tukiitwa.

Ombi langu kwako ni hili: watunga sera wakikaribishwa tena kuandika katika kurasa zako, waulizwe ni fungu gani katika bajeti yao ya teknolojia limetengwa kwa mashine za kufundishia na mishahara ya wanaofundisha. Nitanunua gazeti siku hiyo nisome jibu.

Msomaji wako,
Fundi kerezo mstaafu