Kaunta haing'oki, mama

Mwanangu mpendwa,

Picha ulizonitumia za lile duka kubwa nimeziona, nikamwonyesha na baba yako mdogo. Rafu zimepangwa zikapangika, misumari imo kwenye pakiti, mteja anabeba kikapu na kuzunguka mwenyewe hadi kwa keshia. Pazuri, sikatai. Ukaniuliza kwa nini na sisi, kwenye duka letu la vifaa vya ujenzi, tusiing'oe kaunta, watu wajihudumie, duka lipate nafasi. Kwenye simu nilikujibu nusunusu kwa sababu kulikuwa na mtu anapimiwa waya. Jibu lenyewe hili hapa.

Kaunta haing'oki, mama.

Angalia kwanza nani anaingia pale kwetu. Anayejenga ghorofa kule Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma, si mteja wetu na hajawahi kuwa wetu. Yeye saruji inamfikia kwa semi, nondo kwa tani, na bei anayopewa huko sisi hatuiwezi. Anayekuja kwetu ni mama wa Chang'ombe, koki yake inavuja usiku kucha, na kwenye pindo la kanga amefunga kijipira kilicholika upande mmoja. Jina la hicho kijipira halijui, na halimhusu. Anakifungua juu ya kaunta anasema, "Nataka kama haka." Mpeleke huyo kwenye rafu zako za pakiti, atatoka na koki nzima mpya. Kwetu anapewa mpira wa nusu inchi, hela yake haifiki hata ya soda, na anaambiwa kabla ya kuufunga akwangue ule ukoko mweupe ndani ya koki, maana maji yetu yana chumvi na ukoko ule ndio uliokula mpira wa kwanza. Wiki ijayo anarudi kununua kitasa.

Au mtu anayepaua. Anaingia anasema, "Nipe misumari kilo mbili." Misumari ya nini? Ya inchi 4 ni ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ya inchi 3 ni ya papi zinazolala juu yake kushika bati, na ya bati ina kichwa chake kipana. Unamuuliza bati ni geji ngapi, anakujibu kwa furaha kwamba kaambiwa achukue 32 kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko 28. Hapo unaweka kalamu chini. Unamweleza kwamba namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na kwamba la mgongo apigilie juu ya mgongo, asipigilie bondeni maji yanakopita. Upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe, kiangazi ukianza hauombi ruhusa. Muuzaji anayeyajua haya akanyamaza, kwangu mimi ni mwizi, hata kama ametoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi.

Mdogo wako hajafundishwa darasani. Amesimama tu nyuma ya kaunta kila likizo, akisikiliza. Sasa hivi mfumbe macho, umpe vipande viwili vya nondo, atakwambia ipi ya milimita 10 na ipi ya 12. Jumamosi nilimjaribu mbele ya mafundi, wakacheka, kisha mmoja akataka kujaribu na yeye akashindwa.

Shangazi yako naye ana lake. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, majirani walihangaika, yeye akarudia alichofundishwa na babu yako. Analikunja gazeti pembe, anapiga ncha mkunjo wa kwanza, anaugeuza, wa pili, ndipo anamimina misumari kutoka kwenye sahani ya mizani. Msumari wa inchi 4 hautoboi. Na anauza hata minane kwa anayetaka minane. Mzee wa Kigogo akiingia anaanza na salamu ya kwao, "Mbukwenyi," anaulizwa habari za nyumbani na za mvua, na bei inafuata baadaye. Unaita kupoteza muda, sawa, lakini mzee huyo ana wajukuu wanaojenga Nzuguni.

Babu yako alifungua duka baada ya TANU kuamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Watu walidhani serikali inaingia kesho. Akaweka vitasa na bawaba tayari, akawa anauza chimni za taa, tambi na majembe huku akisubiri. Serikali ilipoanza kuhama kwa kasi, mwaka 2016, yeye tulishamzika. Aliyesema subira yavuta heri hakuwa na kodi ya pango ya kulipa.

Daftari la madeni ndilo lililotuvusha miaka hiyo yote. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi walichukua waya na mipini kwa mali kauli, wakalipa wakishauza. Wengi walilipa. Babu yako alikuwa na sharti moja, deni la mtu lisiandikwe mbele ya mtu mwingine. Hilo bado nalishika. Kwa hiyo ukitaka kuliingiza daftari kwenye kompyuta, liingize, nitashukuru, ila kioo kisielekee wateja. Na ukurasa ule wenye mikunjo minne uuache kama ulivyo. Wenyewe wameshatangulia, na sitawadai watoto wao.

Usidhani nakataa kila kitu. Malipo ya simu tumeshazoea. Skrubu weka kwenye pakiti, zile zinachanganyika zinaniumiza kichwa. Rangi zilizoganda kwenye makopo tutupe, tununue taa za kutosha, na saruji tuitandikie mbao, isiguse sakafu wala ukuta, maana mvua iliyopita mifuko ya nyuma ilishika unyevu ikawa mawe. Rafu za kujihudumia tuziweke kushoto mlangoni, kwa ndoo, karai, mafagio na toroli. Vitu ambavyo mtu anaviona akavijua.

Ukija Pasaka kwa treni ya umeme, siku moja kabla pita Kariakoo, upande wa Gerezani, uniulizie bei ya dazeni ya bawaba za inchi 4. Za chuma, siyo zile nyembamba zinazopinda mlango ukifungwa kwa hasira. Chukua na risiti ya mwenye bei nzuri. Mama yako anakusalimu sana, anasema gauni lake umeshalipeleka kwa fundi au bado?

Ni mimi,
Baba yako