Barua ya Wazi kwa Walimu Vijana wa Sekondari za Mwambao

Wanangu walimu,

Baada ya salamu, nimekwisha kustaafu na chaki nimeiweka chini, lakini liko kosa nililolifanya darasani, la kufundisha somo langu bila kuliunganisha na masomo jirani wala na maisha ya nyumbani, ambalo nisingependa mlirithi.

Nilikuwa nikifundisha Jiografia kidato cha pili, katika shule ambayo ukikaa kimya unasikia mawimbi. Nilichora ubaoni jua, dunia na mwezi vikiwa katika mstari mmoja, nikaeleza kwa Kiingereza, kama tulivyotakiwa, kwa nini maji hujaa na kupwa kupita kawaida mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, aliyatamka maelezo yote bila kukosea neno. Nilipomuuliza kwa Kiswahili bamvua huwa lini, alijibu upesi kwamba ni mwezi mosi na mwezi kumi na tano, kisha akasita na kuniuliza, "Mwalimu, kumbe ni kitu kimoja?"

Kosa halikuwa lake. Bamvua, jina la pwani la maji hayo ya kujaa na kupwa kupita kawaida, ilikuwa ya nyumbani, mchoro ulikuwa wangu, na mwenzangu wa Hisabati, aliyeingia mara tu nilipotoka, hakujua nilichokiacha ubaoni zaidi ya kukifuta.

Laiti tungekaa pamoja hata nusu saa! Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa sababu mwezi nao husogea katika mzunguko wake. Mwalimu wa Hisabati anayehangaika kueleza grafu ya saini (sine), ile inayopanda na kushuka kama wimbi, angetosheka na mti wenye alama za sentimita, saa ya mkononi na daftari. Wa Baiolojia angewapeleka wanafunzi kwa mama zao wanaolima mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara katika vijiji vya Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989, nao wangeona kwa nini miche hufungwa kwenye kamba siku za bamvua, bahari inapokimbia mbali, na kwa nini aina inayolipa zaidi hufa maji yanapopata joto. Wa Kiswahili angeuliza kwa nini wazee waliyaita maji ya katikati ya bamvua mbili maji mafu.

Sisemi masomo yakorogwe yawe uji. Grafu ifundishwe na anayeijua, na akishaichora pwani arudi nayo darasani aikokotoe kwa ukali wake wote. Wala sizungumzii ile desturi ya kutaja somo jirani kwenye andalio ili mkaguzi aridhike; hiyo nimeifanya miaka mingi na haikumfundisha mtoto yeyote. (Hata mashamba yetu ya shule baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 yalikwama hapo: tulilima, lakini hatukupima, na mwishowe jembe likawa adhabu.)

Anzeni na jambo moja kwa muhula. Siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, ndani ya vipindi vyenu, kwa hiyo mwombeni mwalimu wa taaluma aviweke Jiografia na Hisabati vifuatane siku hiyo. Mchukue mti wa kupimia, mvue viatu, na muwe mmerudi ufukweni kabla ya saa sita, maana maji yakianza kuja hayamsubiri mwalimu.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa Jiografia