Picha ya Daumier mmeikata

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno, lakini ile ripoti ya ukurasa wa sanaa kuhusu Honoré Daumier, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, imenishinda kuvumilia. Eti alikuwa mchora vibonzo wa kuwacheka abiria maskini wa Ufaransa!

Ni kweli aliwachekesha watu wa Paris kwa vibonzo vya magazetini, hata vya msongamano ndani ya omnibus, yale mabasi ya farasi yaliyoanza mjini humo mwaka 1828. Lakini huyu ndiye aliyefungwa mwaka 1832 kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa kama jitu linalomeza mali ya wananchi. Katika Behewa la Daraja la Tatu, picha yake ya abiria wa treni ya miaka ya 1860 mliyoichapisha na ripoti hiyo, anayebezwa ni nani? Mama anayenyonyesha? Bibi aliyepakata kikapu? Kijana aliyepitiwa na usingizi?

Halafu mmeikata! Mmebakiza hao wa mbele, mkawaondoa abiria wote waliojazana nyuma yao, kofia kwa kofia, wengine wametupa mgongo. Nilipokuwa nafundisha sanaa sekondari, nilipeleka picha hiyohiyo kwa mchapaji ili anikuzie nibandike darasani. Akakata sehemu ya juu yote bila kuniuliza, akadai ile giza ya nyuma inaharibu karatasi. Nilipowauliza wanafunzi hawa watu wako wapi, wakajibu wako nyumbani, wanasubiri chakula. Treni imepotea, msongamano umepotea, na ile heshima ya bibi aliyetulia katikati ya watu wote wale imepotea nayo! Leo gazeti zima, lenye wahariri, linarudia kosa la mchapaji wa mtaani.

Na si Daumier peke yake. Kila wiki mnachapisha michoro ya wasanii wetu wenyewe bila jina la mchoraji wala mwaka, kana kwamba imejiotea ukutani.

Nataka mrekebishe hivi. Jumapili ijayo toeni ukurasa mzima, bila tangazo hata moja, mpange zile picha zake tatu za rangi za maji za mwaka 1864 zilizoko makumbusho ya Walters Art Museum, Baltimore, Marekani: behewa la daraja la kwanza juu, la pili katikati, la tatu chini. Chini ya kila moja andikeni jina, mwaka na mahali ilipo. Na mkasi ufungiwe kabatini.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro