Wanunuzi wa nyumba za kukarabati, anzeni na kibali

Mhariri,

Wengi wanaoingia kwenye biashara ya nyumba kwa mara ya kwanza hununua nyumba kuukuu na kuikarabati kwa mikono yao ili kubana matumizi. Sina ugomvi na hilo. Kinachonisikitisha ni kuona hesabu ya rangi na marumaru imepigwa hadi senti ya mwisho, lakini kibali cha ujenzi hakimo hata kwenye orodha.

Sheria hutofautiana, ila mgawanyo wa kazi hufanana karibu kila mahali. Kupaka rangi, kubadili vitasa, kufunga kabati au kubadili bomba la sinki pale pale lilipo, kwa kawaida hakuhitaji kibali. Ukigusa ukuta unaobeba mzigo, paa, msingi, nyaya mpya za umeme, gesi au njia ya maji taka, kibali kinahitajika. Vivyo hivyo ukiigawa nyumba ya familia moja iwe ya wapangaji kadhaa. Hili husahaulika sana kwa kuwa huenda lisibomolewe hata tofali moja, lakini matumizi ya nyumba yamebadilika, nayo huombewa ruhusa.

Kabla ya kulipa, omba mchoro uliopitishwa, ingia nao ndani na uhesabu vyumba. Chumba kilichopo ambacho hakimo kwenye mchoro ni deni: ukishanunua, huenda ukaamriwa wewe kukibomoa.

Kuhusu kuta, kugonga na kusikiliza mlio hakutoshi. Panda darini uone mbao zimelalia wapi. Zikilalia ukuta unaotaka kuuondoa, au kukiwa na ukuta mwingine juu yake, usiuguse kabla mhandisi hajachora lenta, yaani boriti itakayobeba mzigo huo, na nguzo za muda hazijasimikwa. Dalili za kosa hujitokeza ghorofa ya juu: ufa wa mshazari kwenye kona ya mlango, kisha mlango wenyewe unaanza kukwama. Na zege la lenta likikauka juu si kwamba limekomaa. Nguvu yake hupimwa kwa siku 28, hivyo nguzo ziondolewe mhandisi atakaposema.

Kinachowagharimu zaidi wanaoanza ni kufunika kazi kabla mkaguzi hajaiona. Mabomba na nyaya hukaguliwa zikiwa wazi. Ukiwahi kupiga lipu, una hatari ya kuambiwa uibomoe, na hapo unalipia lipu mara mbili.

Tuchukue bafu. Bomba la maji taka la inchi 4 hupewa mteremko wa karibu sentimita 2.5 kwa kila mita, kwa hiyo ukisogeza choo mita 3 unahitaji kina cha sentimita 7.5 zaidi. Sakafu isipokuwa na kina hicho, uchafu utatuama njiani na choo kitaziba kila mara. Ukishapaka dawa ya kuzuia maji na ikakauka, ziba tundu la sakafu, mwaga maji yafike sentimita 2 au 3, weka alama ya kalamu ukutani, kisha uyaache saa 24. Maji yakishuka chini ya alama, au dari ya chini ikionyesha unyevu, rudia kabla ya kubandika marumaru. Piga picha kila bomba likiwa na futi kamba pembeni, maana mwaka ujao mtu atataka kutoboa ukuta huo.

Umeme mwachie fundi mwenye leseni. Kuna kosa moja linalounguza nyumba: mtu huunganisha hita ya maji kwenye laini ya soketi, breka inaruka, naye anaweka breka kubwa zaidi. Breka ipo kuulinda waya. Ukiikuza na kuuacha waya ule ule wa milimita za mraba 2.5, waya utachemka ndani ya ukuta na breka haitaruka. Hita hupewa laini yake, na unene wa waya hufuata nguvu ya hita. Moto ukizuka kutokana na kazi isiyo na kibali, bima nayo inaweza kukataa kulipa.

Katika bajeti, weka riba ya mkopo kwa majuma yote ya kusubiri kibali, tena uongeze asilimia 10 hadi 15 ya dharura. Malipo ya mwisho ya fundi yasitoke kabla mkaguzi hajasaini hatua ya mwisho, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza.

Msomaji wako,
Fundi mjenzi