Mpini wa talwar si mdogo, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Picha za ile talwar, upanga wa Kihindi uliopinda, uliyoiona mnadani huko Uingereza zimefika, na tangu juzi nazitazama. Unasema umeiacha kwa sababu mpini ni mfupi, kiganja chako hakienei, na muuzaji kakwambia huenda ilitengenezewa mtoto. Hapana, mwanangu. Talwar nyingi za watu wazima zina mpini wa namna hiyohiyo, na ukishauelewa huo umeuelewa upanga wote.

Rudi uishike tena. Ikamate kwa ngumi iliyofumba barabara, kile kisahani cha chuma kilicho mwisho wa mpini kikae karibu na kifundo cha mkono. Ukijaribu kuchezesha kifundo kama wafanyavyo watu wa panga za Ulaya, kisahani kitakuumiza. Talwar haitaki kifundo, inataka bega na kiwiko. Pigo likishatua, mkono unaendelea kuvuta, na makali yaliyopinda yanapita yakichana. Tazama pia kipande cha bapa kilicho mbele tu ya mpini: hakijanolewa, maana wapo waliopitisha kidole cha shahada hapo ili upanga usiwaponyoke. Mkono wa kushoto ulikuwa na ngao ya duara, ya ngozi au ya chuma. Kukinga ilikuwa kazi ya ngao zaidi kuliko ya upanga.

Kapteni Nolan, mpanda farasi wa jeshi la Uingereza aliyewahi kutumikia India, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1853 alivyostaajabia majeraha waliyoyaacha wapanda farasi wa Nizam, mtawala wa Hyderabad kule India. Alitaka kujua ni panga gani hizo. Kumbe zilikuwa panga kuukuu za Waingereza wenyewe, zilizokwisha kutupwa! Zilikuwa zimetiwa mipini ya Kihindi, zimenolewa hadi zikawa kali kama nyembe, na zinakaa kwenye ala za mbao, hazichomolewi ila vitani. Waingereza wao walitumia ala za chuma, na chuma kikisuguana na chuma makali yanakufa. Alipouliza wanafundishwa vipi kupiga, mzee mmoja wa kikosi alimjibu kuwa hawafundishwi: upanga mkali hukata mkononi mwa yeyote. Nolan aliuawa mwaka uliofuata katika vita vya Balaklava, huko Crimea.

Kwa hiyo ukipata talwar yenye ala yake ya zamani, ya mbao iliyovikwa ngozi au kitambaa, hata kama imechakaa, usiitenganishe na upanga wake.

Zile picha zako mbili za mwisho zinaonyesha mawimbi madogo kwenye bapa. Yanaweza kuwa ya chuma kigumu cha India ya kusini, kilichoyeyushwa ndani ya vyungu vidogo vya udongo vilivyozibwa, kikaachwa kipoe polepole. Mawimbi ya kweli yamo ndani ya chuma chenyewe. Ya kuigiza huchorwa juu kwa asidi, nayo husimama pale pale yalipochorwa, mengi yakijirudia kwa mpangilio mmoja. Usikubali mtu akusugulie bapa kwa msasa ili ing'ae. Mafuta mepesi na kitambaa laini vinatosha. Na usiuweke upanga karibu na moto wala kuuosha kwa maji ya moto, kwa sababu bapa limeshikizwa ndani ya mpini kwa lakiri, na lakiri ikipata joto hulainika.

Angalia na mpini kama una maandishi ya vitone vilivyogongwa kwa ncha ya chuma. Ghala la silaha la Bikaner, kule Rajasthan, lilitia alama za namna hiyo, na nyingine zinataja ngome ya Adoni, huko India ya kusini, iliyotekwa mwaka 1689. Napenda panga hizo kuliko zilizonakshiwa dhahabu, kwa sababu zinasema zilikotoka. Panga nyingi hazina sauti hiyo. Na baada ya Sheria ya Silaha ya 1878, iliyomtaka Mhindi awe na leseni ndipo abebe silaha, upanga ulizidi kubaki pambo na urithi.

Kabla hujatoa pesa nitumie picha ya kisahani kutoka juu, ya bapa karibu na mpini, na ya ncha. Uliza pia kama ala ipo. Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako